Paranormal Activity: mlioogopa, mliogopa nini hasa? Mimi nililala

#1 Baba Vifaranga
Wakuu, salaam.
Miaka yote nasikia kwamba hii muvi ndiyo kiboko ya kutisha. Mara watu walikimbia ukumbini huko Marekani, mara fulani alihama chumba, mara usiangalie ukiwa peke yako. Juzi nimefunga banda la kuku, nikajilaza, nikaiangalia kwenye simu.
Jamani. Dakika 86 naangalia mlango. Watu wawili wamelala, mlango unasogea kidogo, unarudi. Shuka linapepea. Saa pembeni inakimbia. Mlango tena. Hakuna damu ya maana, hakuna mtu mwenye pembe, hakuna hata muziki wa kukuambia sasa jiandae. Karibu na mwisho nikapitiwa na usingizi. Nilipozinduka bado ni mlango uleule.
Mlioogopa, mliogopa nini hasa? Au mliogopa kwa sababu mliambiwa muogope?

#2 Dogo Flashi
Nakaa pembeni na karanga zangu.

#3 Kipanga wa Mbeya
Kuangalia muvi ya kutisha kwenye simu huku unawaza kuku ni sawa na kula pilau ukiwa na mafua. Halafu unamlaumu mpishi.

#4 Mama Kurwa
Mimi niliiangalia 2010, niko mwaka wa pili chuo, hosteli. Wasichana wanane kitanda kimoja, laptop moja, umeme wa kuazima kwa waya kutoka chumba cha jirani. Wiki mbili baadaye bado hakuna aliyekwenda msalani peke yake usiku. Tulinunua ndoo. Sitaki kuongelea ile ndoo.
Na sikuogopa mlango, Baba Vifaranga. Niliogopa pale Katie anapoamka, anasimama kando ya kitanda, anamwangalia mwanamume aliyelala. Hafanyi kitu. Saa pembeni inakimbia, inakimbia, yeye amesimama tu. Mpaka leo nikiamka usiku nikamkuta mume wangu amesimama anatafuta chaja, nampigia kelele kwanza, salamu baadaye.

#5 Profesa Bila Shule
Mleta uzi hajui alichoangalia. Ile si muvi. Ule ni mkanda halisi ambao polisi wa San Diego waliukuta ndani ya nyumba. Ndiyo maana mwanzo kabisa wameandika shukrani kwa familia za wale wawili na kwa idara ya polisi. Na majina ni yao ya kweli. Ni mwigizaji gani anaigiza kwa jina lake? Na studio ikatumia dola milioni 15 kuununua ule mkanda ili familia zikae kimya.

#6 Reli ya Kati
Profesa, taratibu. Elfu kumi na tano. Si milioni. Dola 15,000 ndiyo gharama ya kuipiga yote. Kwa shilingi yetu ya 2006 haifiki milioni 20. Humu kuna watu wamefanya sendofu kwa zaidi ya hapo.
Aliyeitengeneza ni Oren Peli, mzaliwa wa Israeli aliyekuwa akiandika programu za michezo ya kompyuta. Hakuwahi kutengeneza filamu kabla ya hiyo. Aliipiga kwa siku saba mwezi Oktoba 2006, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kamera juu ya stendi. Alitumia muda mrefu zaidi kuirekebisha nyumba, mazulia, samani, ngazi, kuliko kuwapiga picha watu. Katie Featherston na Micah Sloat ni waigizaji, walitumia majina yao makusudi ili ionekane ya kweli. Hata mazungumzo hayakuandikwa, wanaelezwa tukio litakavyokwenda halafu wanajisemea. Na shukrani kwa polisi ni sehemu ya mchezo.

#7 Profesa Bila Shule
Kwenye sifuri nimekubali. Kwenye polisi bado sijaridhika.

#8 Kamau wa Umoja
Wasee wa huko chini, habari. Mimi hiyo picha niliionea kwa video ya mtaa, mlango ni gunia, kiingilio shilingi kumi. Msimuliaji alikuwa wa ule mtindo wa DJ Afro, anaongea juu ya sinema kutoka mwanzo hadi mwisho. Mlango ukisogea anasema, "Huyo ni mwenye ploti amekuja kuitisha kodi." Katie akisimama kando ya kitanda, "Mama anangoja mzee alale vizuri apekue mfuko wa suruali." Watu walikufa kicheko. Hakuna hata mmoja aliogopa.
Mwaka uliofuata nikairudia kwa nyumba, pekee yangu, bila msimuliaji. Weh. Nikajua hiyo kimya ndiyo sinema yenyewe, na yule jamaa alikuwa ametukinga nayo bila sisi kujua. Ilikuwa shilingi kumi ya maana sana.

#9 Kipanga wa Mbeya
#8 umenikumbusha vibanda umiza vyetu enzi za msimuliaji wetu Lufufu. Yule mzee angekuta ukimya wa dakika moja kwenye muvi angeujaza na ukoo mzima wa jambazi.

#10 Mzee wa Sabufa
Nimefunga vyombo vya sauti kumbi za harusi na vibanda vya mpira miaka kumi na saba. Jibu la mleta uzi ni jepesi: hukuisikia muvi.
Kila kitu kinapokaribia kutokea kuna mvumo wa chini unaanza. Si muziki. Ni kama lori limewashwa mtaa wa tatu. Mara ya kwanza huutambui, mara ya tatu mwili umeshajifunza: mvumo, halafu balaa. Sasa mvumo wa chini hivyo, kaspika ka simu hakautoi kabisa. Wewe umeangalia picha za mlango, basi.
Wapo wanaodai waliweka hadi sauti iliyo chini ya uwezo wa sikio, chini ya hezi 20. Mimi sisemi waliweka. Ila kuna mhandisi Mwingereza, Vic Tandy, alikuwa akifanya kazi kwenye maabara moja ambayo watu walisema ina mzimu. Jasho la baridi, unyonge, na kivuli cha kijivu pembeni ya jicho. Alikuja kugundua feni ilikuwa inatoa mtetemo wa kama hezi 19. Feni ikarekebishwa, mzimu ukahama. Aliandika habari hiyo 1998.

#11 Mama Kurwa
Mzee wa Sabufa, ahsante kwa somo, ila laptop yetu ya hosteli ilikuwa na spika moja nzima na nyingine inakoroma. Mvumo gani huo? Na tulinunua ndoo.

#12 Mzee wa Sabufa
#11 mlikuwa wanane kitanda kimoja. Mmoja akishtuka kitanda chote kinatetemeka. Ninyi ndiyo sabufa.

#13 Dogo Flashi
😂😂😂 huyu mzee hafai

#14 Shangazi wa Tanga
Hamjambo wanangu. Mie niseme kilichonishangaza, maana kijana wangu aliniwekea nikaiangalia yote.
Yule binti kitu kinamfuata tangu ana miaka minane. Kilikuwa nyumba ya wazazi wake, nyumba ikaungua, kikamfuata mpaka kwa huyu bwana. Hapo nikasema ahaa, hawa wanajua: jini halifuati nyumba, linafuata mtu, ukihama linapanda basi na wewe. Lakini badala ya kukaa nacho kitu wakiulize, kijana wa watu ananunua kamera! Huku kwetu mgonjwa wa hivyo haulizwi analala saa ngapi. Kinapandishwa kichwani, kinaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Kimoja kitasema kinataka ubani na marashi, kingine kitambaa chekundu, kingine kinataka kupigiwa ngoma. Mkishapatana unakuwa kiti chake, unaishi nacho, na wengine wanakufa wazee wana wajukuu. Sikuogopa hata kidogo. Nilimwonea huruma binti, amezungukwa na watu wasiojua adabu ya mgeni.

#15 Binti Pemba
Shikamoo shangazi. Lakini Micah aliuliza! Alileta ule ubao wa herufi, yule mzee mwenye kuwasiliana na mizimu akiwa ameshawaambia wasithubutu. Wakatoka, ubao ukashika moto wenyewe.

#16 Shangazi wa Tanga
Marahaba mwanangu. Aliuliza kama askari wa trafiki. Hata mie ningeuchoma.

#17 Nesi Zamu ya Usiku
Niweke la hospitali kidogo. Wengi mnaosema "ilinitisha sijui kwa nini", jiulizeni kama mmewahi kukabwa na jinamizi. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto ubongo unaizima misuli ili usirushe mateke. Kuna wakati akili inaamka kabla misuli haijawashwa. Unaona chumba chako kilekile, dari lako lilelile, huwezi kunyanyua hata kidole, kifua kizito, na una hakika kabisa kuna mtu chumbani. Hutokea zaidi ukilala chali, ukiwa umechoka au zamu zako zimevurugika. Mimi mwenyewe linanikaba kila nikitoka zamu tatu za usiku mfululizo.
Sasa angalia ile kamera imewekwa wapi. Iko pembeni, imetulia, inaona kitanda na mlango, haiwezi kugeuka, haiwezi kufanya kitu. Ule ni mkao wa mtu aliyekabwa. Aliyewahi kukabwa anaujua. Baba Vifaranga nahisi analala kama gogo.

#18 Baba Vifaranga
#17 nakiri. Nikilala nimelala. Mama watoto anasema hata wezi wakija wataniazima shuka.

#19 Mlinzi Getini
Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini sita kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi nikiangalia korido ambazo hazina mtu. Muvi mnayoisema ni zamu yangu, tofauti wao wamelipwa vizuri.
Naweza kuwaambia jambo moja. Ukiliangalia korido tupu kwa muda mrefu, macho hayakubali kwamba hakuna kitu. Yanaanza kukutafutia. Mlango uliofungwa unaona unapumua. Ile muvi inakulazimisha ufanye kazi yangu kwa saa moja na nusu: unapekua kila kona ya chumba kabla kitu hakijatokea, na mara nyingi hakitokei, kwa hiyo unaendelea kupekua. Unajitisha mwenyewe wao wamekaa.
2019 niliona kiti cha plastiki kwenye skrini namba nne kimesogea. Sikwenda. Asubuhi nilikikuta kimegeukia ukuta. Kwenye kitabu cha matukio niliandika "hali shwari".

#20 Kipanga wa Mbeya
"Hali shwari" 😂 Bila picha hiyo ni chai, mkuu. Tena una kamera sita.

#21 Mlinzi Getini
Kurekodi kunajifuta baada ya siku saba. Ningejua mtakuja kunihoji ningehifadhi.

#22 Mswahili wa Muscat
Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, wazee wetu waliondoka Unguja zamani, ila Kiswahili hatukukiacha. Sisi tuliiangalia nyumbani, familia nzima, baba mkwe naye yumo. Kila wakizima taa kulala mzee anauliza, "Hawa hawasomi kitu?" Usiku wa pili, "Hawajasoma tena?" Usiku wa mlango kujibamiza akasimama akasema, "Basi, wameyataka wenyewe," akaenda zake kulala. Kwa hiyo kwa mzee sinema iliisha pale. Mtu aliyelala bila kusoma kitu keshaacha mlango wazi, sasa unashangaa nini ukisogea?
Wenzangu kazini, Waomani wa bara, walinicheka kuhusu hiyo sinema. Kuna mmoja kwao Bahla, na Bahla huku ina jina lake kwa habari za majini na uchawi. Akasema, "Haya ndiyo yanayowatisha Wamarekani? Sisi haya ni majirani."
Lakini nikimwambia tuirudie pamoja usiku, hataki.

#23 Reli ya Kati
Niongeze moja ambalo linamgusa mleta uzi moja kwa moja, maana anadhani kulala na kuogopa ni vitu viwili vya mbali.
Muvi ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la filamu za kutisha la Screamfest, 2007. Ikafika mikononi mwa DreamWorks, na wazo lao likawa kuipiga upya kwa pesa nyingi na waigizaji wanaojulikana. Wakafanya onyesho la majaribio kuona watazamaji watasemaje. Watu wakaanza kuinuka na kutoka. Wakubwa wakajua imekwisha, watu wamechoshwa. Walipoulizwa kwa nini wanatoka, wakasema wameshindwa kuvumilia, wanaogopa. Wazo la kuipiga upya likafa hapohapo.
Kwa macho, aliyechoka na aliyeogopa wote wawili wanaonekana wakitafuta mlango.

#24 Profesa Bila Shule
Mbona hujasema habari ya Spielberg, bosi wa DreamWorks? Alipewa DVD akaenda nayo nyumbani, kesho yake mlango wa chumba ukajifunga kwa ndani wakati ndani hakuna mtu. Akaita fundi kufuli. DVD akairudisha kwenye mfuko wa taka. Spielberg! Mtu wa papa na dinosaria!

#25 Kipanga wa Mbeya
Hiyo ni chai ya studio, Profesa. Unataka kuuza muvi ya mlango, unasema mlango wa bosi nao ulijifunga. Mbona ni biashara nzuri tu.

#26 Reli ya Kati
Hadithi hiyo imesimuliwa kweli, sema kila mtu aamini kwa kipimo chake. Kisichobishaniwa ni kwamba mwisho mliouona sinema ilipotoka, Micah anarushwa kwenye kamera halafu Katie anaisogelea, umetokana na ushauri wa Spielberg. Mwisho wa tamasha ulikuwa mwingine: Katie anarudi chumbani na kisu, anakaa chini anajitikisa muda mrefu, hadi polisi wanaingia na kumpiga risasi. Upo na wa tatu, anajimaliza mwenyewe mbele ya kamera.

#27 Profesa Bila Shule
POLISI. Nilisema nini mimi?

#28 Mama Kurwa
Kumbe! Sisi hosteli tuliangalia huo wa kujitikisa. DVD ya barabarani, zile za muvi nane ndani ya moja, na kava lina picha ya mtu mwenye msumeno ambaye hayumo kwenye hata moja. Mpaka leo nikimsikia mtu anasema "pale mwisho alivyorushwa" nilidhani anaongelea sehemu ya pili.
Kwa hiyo nusu ya ugomvi wa humu huenda ni watu walioangalia muvi tofauti.

#29 Dogo Flashi
Hapo nizungumze kama mdau wa flashi. Dukani kwangu ninazo mbili, yenye polisi na yenye kurushwa. Wateja wazima wanachukua ya kurushwa, wanashtuka wanacheka wanaenda nyumbani. Ya kujitikisa waliniletea malalamiko. Mmoja alitaka nimrudishie buku yake, anasema hakulipia kukosa usingizi.

#30 Kamau wa Umoja
Na mtu asiache ile ingine ya msituni, The Blair Witch Project ya 1999. Hao ndio walikuwa wezi wa akili. Waliweka tovuti na mabango ya kutafuta watu waliopotea, watu wakaamini wale vijana watatu walikufa kweli msituni Maryland. Mama ya yule dada akawa anatumiwa kadi za pole na mtoto wake yuko hai. Watu wengine walitoka ukumbini wakitapika, lakini hiyo ilikuwa kamera kutikisika, si mapepo. Kizunguzungu cha matatu ya mbio.

#31 Nesi Zamu ya Usiku
#30 sahihi, hicho ni kichefuchefu cha macho na masikio kutokubaliana, kama kwenye boti ya Unguja. Huyu Peli yeye kamera ameituliza kabisa usiku. Hakuna wa kutapika. Ila Italia ilipoingia mwanzoni mwa 2010, magazeti yaliandika vijana walipatwa na taharuki ya kubanwa pumzi na moyo kwenda mbio, mpaka wanasiasa wakataka watoto wazuiwe kuiona. Tukae tukijua taharuki ya namna hiyo inaambukiza. Niliwahi kupokea wasichana kumi na mmoja wa shule moja kwa mchana mmoja, wote "wamepandisha", na hakuna muvi iliyohusika. Ukimtenga wa kwanza na wengine, wa mwisho anapona bila dawa.

#32 Shangazi wa Tanga
Wanapona kwa sababu kimeona hapana wa kuongea nacho.

#33 Nesi Zamu ya Usiku
Shangazi, hapo tuachane kwa amani 😄

#34 Binti Pemba
Niseme la kwetu, nilikuwa mdogo lakini nalikumbuka. 1995, popobawa, lile jini la usiku. Walioyaona yale hawahitaji sinema. Watu wazima, wenye ndevu zao, walitoka vyumbani wakalala uwanjani kwa makundi, moto umewashwa, mmoja anakesha. Sisi watoto tulifurahi, ilikuwa kama sikukuu, mpaka usiku mmoja kelele zilipoanza nyumba ya nne kutoka kwetu na zikaja, nyumba kwa nyumba, kuelekea kwetu. Hakuna aliyeona kitu. Sauti tu, inasogea.
Na sharti lake mnalijua: akikujia lazima utangaze. Ukificha, anarudi. Kwa hiyo kila aliyejiwa alitoka kusema, na kila aliyesikia hakulala.
Baadaye niliposoma namna hii muvi ilivyouzwa nilisisimka. Tangazo lake halikuonyesha muvi sana, lilionyesha watazamaji gizani wanaruka kwenye viti. Halafu wakaambiwa, mkitaka ije mji wenu ombeni kwenye mtandao. Wakajiombea wenyewe.

#35 Reli ya Kati
Naam, na ndivyo ilivyokwenda. Septemba 25, 2009 ilianza kwenye miji 13 yenye vyuo, maonyesho ya saa sita usiku. Studio ya Paramount ikasema maombi yakifika milioni moja itaonyeshwa nchi nzima, na yakafika ndani ya wiki chache. Mwisho wake ikaingiza takriban dola milioni 193 duniani. Kwa muvi ya elfu 15.

#36 Kipanga wa Mbeya
Popobawa ana mgao wake hapo, alipwe.
Lakini nirudi kwa mleta uzi, maana naona anapigwa na kila mtu. Mimi niliiangalia kwenye runinga kubwa, gizani, sabufa ipo, na bado sikutikisika. Kilichoniudhi ni Micah. Mwanamke anasema usikitukane hicho kitu, anakitukana. Anasema acha kamera, anaipeleka hadi chooni. Dakika ya 40 nilikuwa upande wa jini. Huwezi kuogopa unachokishangilia. Muvi yetu ya Nsyuka ilinitisha mara kumi zaidi nikiwa mtoto, na ile ukiangalia leo unaona kabisa vipodozi vinamtoka mtu shingoni.

#37 Mama Kurwa
Nsyuka na Shumileta zilitutisha kwa sababu nyumba zilifanana na zetu. Ukuta wa kijani, pazia la mlangoni, koridoni ndoo. Hawa wana nyumba ya ghorofa, bwawa la kuogelea nje. Nikiwa na nyumba ile jini nampa chumba cha wageni.

#38 Kamau wa Umoja
Lakini si wewe ulinunua ndoo?

#39 Mama Kurwa
Nilisema sitaki kuongelea ndoo.

#40 Mzee wa Sabufa
Mnazunguka sana. Baba Vifaranga airudie usiku, taa zimezimwa, spika za masikioni zinazoziba vizuri. Akilala tena mimi namletea sabufa ya inchi nane bure.

#41 Nesi Zamu ya Usiku
Na alale chali.

#42 Binti Pemba
Na aiangalie ya kujitikisa, si ya kurushwa.

#43 Mswahili wa Muscat
Na asome kitu kwanza. Au asisome, tuone.

#44 Baba Vifaranga
Sawa, mmenizidi kwa wingi. Jumamosi mama watoto anakwenda kwao Singida, nabaki peke yangu. Dogo Flashi nitumie ya polisi. Nitaleta mrejesho, na sabufa mzee aanze kuifunga kamba. By the way, kuna mtu anajua bei ya vifaranga wa kienyeji wa mwezi mmoja kwa sasa Dodoma?

#45 Profesa Bila Shule
Bei inategemea kama wamechanjwa. Fungua uzi wake, huku tunaongelea polisi.

#46 Dogo Flashi
Leo Jumatatu. Jumamosi imepita, Jumapili imepita. Mleta uzi yuko wapi?

#47 Kipanga wa Mbeya
Yupo. Nimemkuta saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili kwenye uzi wa vifaranga, anabishana na watu kuhusu chanjo ya kideri. Saa kumi bado yupo. Saa kumi na moja anamuuliza mtu habari za Singida.

#48 Mzee wa Sabufa
Mtu anayelala kama gogo?

#49 Baba Vifaranga
Wakuu nilitingwa. Vifaranga wadogo wanahitaji joto, ilibidi nikeshe nao kuangalia taa isizime.

#50 Mlinzi Getini
Taa ya bandani au ya chumbani?

#51 Baba Vifaranga
Zote. Luku ni yangu, kwani vipi?